UZI: Maua mafupi ya milimani kwenye bustani ya mawe. Yanauawa na maji, siyo baridi

Mgumu wa Machame (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Glasgow, Uskoti, mwaka wa tisa sasa. Kabla ya kuja huku nilibeba mizigo Mlima Kilimanjaro misimu sita, njia ya Machame. Waliopita kule wanajua wapagazi tunaitwa wagumu. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mawe, mita nne kwa mbili na nusu, na ndani yake kuna maua ya milimani ambayo mengi hayavuki urefu wa kidole gumba. Kwenye uzi wa waridi wiki iliyopita watu watatu waliniuliza nayatunzaje, na mmoja akasema kwake yamekufa yote kwa baridi. Hilo la baridi ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Kwanza niseme yalivyoniingia. Ukitoka Lava Tower kushuka Barranco, kwenye miamba inayochuruzika maji na isiyopigwa na jua moja kwa moja, kuna kiua cheupe chenye petali nne. Nilikuwa nakipita na mzigo wa kilo 20, na nikipumzika pale macho yalikuwa yanakwenda kwake, maana majirani zake ni lobelia na senesio zinazompita mtu kwa urefu, na chenyewe kimejibana kwenye ufa. Jina sikulijua. Miaka mitano baadaye niko Glasgow, kwenye soko la mimea ndani ya ukumbi wa kanisa, nakutana nacho kwenye chungu cha sentimita saba. Kibao kimeandikwa Arabis alpina. Mama aliyekuwa anauza akaniambia kwamba Uingereza nzima ua hili humea porini sehemu moja tu, milima ya Cuillin kwenye kisiwa cha Skye. Nikamwambia mimi nalifahamu kutoka Kilimanjaro. Alinitazama kidogo, kisha akanifungia vyungu viwili kwa bei ya kimoja.

Nimesoma baadaye kwamba watafiti wa vinasaba wameifuata asili yake hadi Asia Ndogo, Uturuki ya leo. Huko ndiko lilikotokea likapanda kwenda milima ya Ulaya, na likashuka hadi milima ya Afrika Mashariki. Ni ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki. Ukiacha sukuma wiki ichanue, angalia zile petali nne zilizokaa kama msalaba, utaona undugu.

Basi mwaka ule nikapanda mimea kumi na minne: arabisi zangu mbili, saksifraga sita, lewisia tatu, na gentiana tatu. Nilichimba kitanda kwenye udongo wa mfinyanzi, nikatia mbolea ya kutosha kama tunavyofanya kwenye migomba, nikapanga mawe juu kwa urembo. Kufika Machi ilikuwa imebaki mitatu.

Nilidhani ni baridi. Lakini nilipozivuta zile zilizokufa ndipo nikaona. Saksifraga moja ilikuwa bado ya kijani kwa juu, mviringo mzuri kama andazi. Nilipoigusa ikatoka mkononi nzima, bila mzizi. Chini yake, pale shina linapokutana na udongo, palikuwa pamegeuka kahawia na kulainika kama uzi uliolowa. Mizizi yenyewe bado ilikuwa ardhini, myeupe, mizima. Mmea ulikatika shingo.

Hapa ndipo kiini cha jambo. Mlimani kwao, majira ya baridi hii mimea inafunikwa na theluji miezi mitano, sita. Chini ya theluji joto hukaa karibu na sifuri, hakuna upepo, na hakuna maji maana yote yameganda. Mmea umelala mkavu. Glasgow mvua inapita milimita 1,100 kwa mwaka, na Januari leo ni nyuzi 6 na manyunyu, kesho usiku hasi 4, keshokutwa manyunyu tena. Mmea unalala na nguo mbichi. Baridi ya hasi 20 unaivumilia, shingo kulowa wiki tatu mfululizo hauvumilii.

Kwa hiyo nilifumua kitanda chote. Hivi ndivyo nilivyojenga upya.

Nilitafuta mahali peupe, penye jua, mbali na mti, kwa sababu mti una madhara mawili: matone yake, na majani yanayoanguka yakafunika mimea na kuiozesha. Nikachimba sentimita 30, nikajaza sentimita 20 za matofali yaliyovunjika na vifusi. Juu yake nikalaza mapande ya nyasi niliyoyakata, nimeyapindua mizizi juu, ili udongo usishuke ukaziba vifusi. Kisha mchanganyiko: udongo wa bustani sehemu moja, mboji ya majani sehemu moja, na kokoto ndogo za milimita 3 hadi 6 pamoja na mchanga wa chembe kali sehemu mbili. Mbolea ya samadi hakuna hata kiganja. Ukiulisha mmea wa mlimani unarefuka, unalegea, unapoteza ule mviringo, na baridi ikija unaoza wa kwanza.

Mawe ndiyo nilikuwa nimeyakosea kabisa. Jiwe kwenye bustani hii lina kazi. Mmea wa sentimita tano unaweza kuwa na mzizi wa nusu mita, na mzizi unatafuta chini ya jiwe kwa sababu pale ni baridi wakati wa kiangazi na unyevu haukauki. Wakati huohuo jiwe linaiweka shingo ya mmea juu, mahali pakavu. Kwa hiyo lizike theluthi moja au nusu, na uliinamishe kidogo kwa nyuma ili mvua iteleze kuelekea mizizi. Tumia aina moja ya mawe, na mistari yake yote ielekee upande mmoja kama mwamba unavyokaa mlimani. Mwisho mwaga kokoto unene wa sentimita tatu juu ya kitanda kizima, na uzisukume kwa vidole mpaka chini ya kila mmea. Hiyo kola ya kokoto ndiyo inayookoa shingo. Ukikosa muda wa yote mengine, fanya hilo.

Tangu hapo nimepoteza mimea mitano tu kwa majira matano ya baridi. Karibuni kwa maswali.

Tulia Tujenge

Nakaa siti ya mbele. Hilo la kokoto shingoni ndilo lililoniua mimi. Nilimwaga juu juu, chini ya majani nikaacha udongo mtupu.

Binti Usambara

Mkuu hongera sana. Mimi niko Lushoto, tuna kuta za mawe za babu zetu kwenye ngazi za shamba, nyufa zimejaa. Je, hizi gentiana na saksifraga nikipata mbegu zitakubali? Julai huku tunavaa makoti.

Mgumu wa Machame

Dada, nitakuwa mkweli usije ukapoteza hela. Nyingi ya hizi za Alpi zinahitaji baridi ya miezi ndipo mbegu iamke na mmea upange maua. Koti la Julai halitoshi. Zinaweza kuota majani ukakaa miaka unasubiri ua.

Lakini ukuta wa mawe ulio nao ni mali. Jaribu sempavivumu, ile yenye majani yaliyojipanga duara kama ua la waridi. Haihitaji udongo mwingi, inazaa watoto pembeni, unang'oa mtoto unamchomeka kwenye ufa. Usishtuke ukiona iliyochanua inakufa. Kila duara huchanua mara moja tu, kisha linawaachia watoto nafasi. Pia delosperma za milima ya Afrika Kusini na Lesotho, maua yake ya zambarau yanang'aa na yamezoea jua letu. Panda baada ya masika kuisha, ziwe zimeshika kabla ya masika mengine.

Mama Njeri wa Limuru

Mwanangu, nimesoma yote. Hapa Limuru udongo wetu ni mwekundu na mvua ya Aprili haina mchezo. Kokoto sisi tunaiita ballasti, na ile ndogo kabisa ndiyo nimetandaza kwenye kitanda changu. Niliagiza mbegu za lewisia, nikazichanganya na mchanga wenye unyevu kidogo, nikaweka kwa friji wiki nane. Nilipanda thelathini, zikaota kumi na moja, leo ziko tano. Zina miaka miwili na hazijawahi kutoa ua, na mbili katikati zimeanza kuwa nyeusi. Nifanye nini?

Mgumu wa Machame

Shikamoo mama. Kuotesha lewisia kumi na moja Limuru ni kazi kubwa, pokea heshima yangu.

Huo weusi wa katikati ni maji yanayokaa kwenye moyo wa mmea. Lewisia imeumbwa kama bakuli, na kwao California na Oregon inaota kwenye kuta za miamba imelala ubavu, bakuli linamwaga. Wewe umeipanda imesimama. Ing'oe taratibu na udongo wake, tafuta mawe mawili bapa, yasimamishe yakiwa yameachana sentimita tatu, kisha panda lewisia katikati imelala ubavu, uso unatazama mbele. Zile mbili zenye weusi, kata sehemu iliyooza kwa kisu kisafi hadi ufikie palipo peupe, acha jeraha likauke siku mbili kivulini kabla ya kupanda. Na usimwagilie juu tena. Maji yapite nyuma ya jiwe.

Lewisia ni mimea sugu, mama. Aina moja, Lewisia rediviva, ilikusanywa na msafara wa mpelelezi Mmarekani Meriwether Lewis mwaka 1806, ikakaushwa na kuhifadhiwa, na baada ya muda mrefu mizizi ilipopandwa ikachipua. Ndiyo maana ya hilo jina la pili, iliyofufuka.

Kaka wa Calgary

Nathibitisha alichosema mwanzisha uzi, kwa upande wa pili kabisa. Huku Calgary, Kanada, tunafika hasi 30. Mtu angedhani hakuna kinachopona. Lakini kila mwaka ninachopoteza ni kile kilicho kwenye kona ambapo upepo unapeperusha theluji. Kilichofunikwa kinaamka salama. Shida yetu ni upepo wa chinuki unaoshuka kutoka Milima ya Rocky. Katikati ya Januari joto linapanda ghafla juu ya sifuri, theluji inayeyuka kwa siku mbili, kisha inaganda tena na mimea iko uchi. Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili ninatandaza matawi ya msonobari juu ya kitanda, na nikisafisha njia ya gari theluji naitupia pale. Mke wangu anajua koleo la kwanza ni la maua.

Msomaji wa Munich

Mwanzisha uzi, uzi ni mzuri, ila kuna mahali sikubaliani nawe. Umetoa mchanganyiko mmoja wa udongo kama vile mimea yote hii inakula chakula kimoja. Kuna inayopenda chokaa na kuna inayoikimbia. Angalia zile saksifraga zenye vitone vyeupe ukingoni mwa jani. Vile vitone ni chokaa yenyewe, mmea unaitoa kupitia vitundu vidogo, maji yanakauka, chokaa inabaki. Mmea wa namna hiyo umezoea mwamba wa chokaa. Lakini gentiana ya vuli, Gentiana sino-ornata, ukiipa chokaa inageuka njano na kufa. Nililipa funzo hilo. Maji ya bomba ya Munich ni magumu sana, birika letu linaota ukoko mweupe kila wiki. Nilikuwa namwagilia gentiana kwa hayo maji. Sasa nakinga mvua kwenye pipa.

Na aliye karibu na huku apande mlima hadi Schachen akatembelee bustani ya milimani ya Bustani ya Mimea ya Munich. Iko zaidi ya mita 1,800, ipo tangu mwaka 1900, na inafunguliwa kiangazi tu. Pale utaona mimea ikiwa kwenye hali yake, theluji yake, upepo wake.

Mgumu wa Machame

Umenisahihisha na nakubali, mkuu. Nimesahau kwa sababu Glasgow tunakunywa maji ya Loch Katrine, ambayo ni laini sana, birika halioti ukoko kabisa. Ndiyo maana gentiana ya vuli kwangu inajitandaza kama nyasi na hata sijawahi kuwaza chokaa. Basi wasomaji waanze na kuangalia birika lao. Likiota ukoko, kingeni mvua kwa ajili ya hiyo gentiana, au pandeni zinazopenda chokaa.

Hiyo Gentiana sino-ornata ilifika huku kwa mkono wa George Forrest, mzaliwa wa Falkirk, mwendo mfupi kutoka hapa nilipo. Aliikusanya Yunnan, China, alipokuwa akitafuta mimea. Oktoba, wakati kila kitu kinakufa, inafungua tarumbeta za buluu zenye mistari ya kijani kwa nje. Mara ya kwanza ilipochanua nilimwita mwanangu kutoka shule, tukapiga magoti pamoja kwenye majani yaliyolowa, akaniuliza kama imepakwa rangi.

Chapakazi

Mkuu, mbona hukuchukua tu ile ya Kilimanjaro yenyewe? Wagumu wanapita kila siku, mmoja angekuchimbia mche.

Mgumu wa Machame

Hapana ndugu yangu, na naomba mtu asifanye hivyo. Hifadhini hairuhusiwi kung'oa hata jani, na huku pia arabisi ya Skye inalindwa na sheria. Sheria ikiwekwa kando, mmea wa mlimani hukua polepole mno. Kichaka kidogo cha mviringo cha sentimita 20 unachokiona kinaweza kuwa na umri wa mama yako. Unaking'oa kwa dakika moja, unakata mzizi wake mrefu, na hakifiki hai. Mimea ya kununua imeoteshwa kwa mbegu na imezoea maisha ya chungu.

Mzawa wa Makete

Naunga mkono hapo. Kwetu Kitulo tulikuwa na okidi mabondeni hadi unakosa pa kukanyaga. Vikachimbwa viazi vyake kwa ajili ya chikanda, chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi hivyo, magunia kwa magunia kwenda huko. Mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yenyewe. Bibi yangu anasema kuna mabonde hadi leo hayajarudi alivyoyajua.

Dogo wa Leicester

Mimi napanga chumba, nina kibaraza tu cha mita moja. Na mfuko mwepesi. Inawezekana?

Mgumu wa Machame

Inawezekana sana, na kuna watu wenye bustani kubwa wanaopenda hori kuliko kitanda. Zamani walitumia mahori ya mawe ya kunyweshea mifugo, siku hizi ni ghali, lakini unaweza kutengeneza. Chukua saruji sehemu moja, mchanga moja, kumbi za nazi zilizosagwa mbili, maji kidogo mpaka ukifinya mkononi inashikana bila kuchuruzika. Tumia maboksi mawili, moja ndani ya jingine, ukijaza katikati unene wa sentimita nne au tano. Toboa matundu chini ingali mbichi, usisahau. Ikikauka iache nje wiki kadhaa inyeshewe, ukali wa saruji utoke. Kisha simamisha mawe bapa ndani, wima na yamebanana. Wacheki ndio mabingwa wa mtindo huu wa nyufa, na kwenye hori la nusu mita unapata nyufa saba, nane. Anza na sempavivumu, saksifraga mbili na dianthusi fupi. Liinue juu ya matofali mawili maji yatoke.

Tulia Tujenge

Swali. Saksifraga yangu moja imenyauka ghafla na udongo una unyevu, shingo si laini. Nini tena?

Mgumu wa Machame

Ivute. Ikitoka kirahisi na mizizi haipo, chimbua kidogo utakuta mabuu meupe yaliyojikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia. Ni mabuu ya fukusi. Mama yake ni mweusi, anatembea usiku, na ukiona majani ya mimea jirani yana mapengo pembeni kama yamekatwa na mkasi wa tiketi, ni yeye. Wakusanye kwa mkono mmoja mmoja, kisha nunua nematodi, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, unaichanganya na maji na kumwagia. Agosti na Septemba ndiyo wakati wake, udongo ukiwa bado na joto. Usitupe mmea uliouvuta. Vunja vipande vya juu vilivyo vizima, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, ufunike kwa mfuko wa plastiki. Wiki sita vinaweza kuwa na mizizi.

Mgumu wa Machame

Wakuu, narudi baada ya miezi. Leo asubuhi nimeondoa vioo. Sikusema mwanzoni, lakini zile za manyoya, androsase hasa, kila Novemba naziwekea kipande cha kioo juu, kimeegemezwa kwenye mawe, pembeni pakiwa wazi ili hewa ipite. Manyoya yanashika maji kama sufi. Kioo kinakuwa badala ya theluji.

Saksifraga ya zambarau, Saxifraga oppositifolia, imeshafunguka. Ni mmea uleule ambao kwenye mlima Dom, Uswisi, umekutwa juu ya mita 4,500. Maua karibu hayana kikonyo, yamekaa juu ya majani, na nilipoinamisha uso nikaona nyuki mmoja amelala ndani ya ua, ana umande mgongoni, anasubiri jua. Arabisi za yule mama wa soko la kanisani zina machipukizi, bado yamefungwa. Nimeyahesabu: ishirini na sita.

Mama Njeri wa Limuru

Mwanangu, nilizilaza ubavu zote tano kama ulivyosema, zile mbili nikazikata. Moja ya zilizokatwa ilikufa. Nne ziko sawa, na leo nimeona mojawapo imetoa kikonyo kati ya yale mawe mawili, kina vichwa vinne vimefunga kama ngumi. Rangi bado haionekani.

Mgumu wa Machame

Mama! Usiisogeze, usiimwagilie juu, na mvua ikianza iwekee kigae. Ikifunguka tuambie rangi.